Bendi ya kubuni, masikio ya kweli: muziki na picha visiachane kwenye filamu ya kwanza

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhariri wa picha, nimekulia Goma na sasa naishi Tampere, Ufini. Nimepewa kazi ya kuhariri filamu ndefu ya kwanza ya waongozaji wawili vijana. Mazungumzo yote ni ya Kifini, na hadithi ni ya bendi ya hevimetali ya mji mdogo ambayo haijawahi kupanda jukwaani. Tulikaa pamoja tukaitazama filamu ya Kifini Hevi reissu ya mwaka 2018, na tangu hapo kila mmoja anataka "kama ile". Tunaanza kupiga picha baada ya wiki 12. Waigizaji wa bendi ni wanne, wawili hawajawahi kushika ala. Nyimbo ni tatu. Turekodi muziki kabla, au tupige papo hapo? Na tufanyeje vidole, midomo na sauti visiachane? Kwenye filamu yetu fupi viliachana vibaya, na mpaka leo hatujui kwa nini.

JIBU: Ndugu yangu wa Tampere, rekodini kabla. Nyimbo zote tatu, na zikamilike kabla waigizaji hawajaanza mazoezi. Wiki 12 zinatosha, ila hazina siku za kuchezea. Filamu ya muziki huonekana imeharibika kwenye chumba chako cha kuhariri, lakini haiharibikii hapo. Huharibika pale ambapo gitaa limerekodiwa na mtu mmoja, kamera imepangwa na mwingine, na hakuna aliyewauliza kama saa zao ni moja.

Kuhusu hiyo Hevi reissu mnayoipenda: Juuso Laatio na Jukka Vidgren waliiongoza wawili, ilikuwa filamu yao ndefu ya kwanza, kama ninyi. Katika hadithi yake, vijana wa Taivalkoski, mji mdogo wa Ufini, wamefanya mazoezi miaka 12 kwenye machinjio ya poro, yule mnyama wa pembe za matawi afugwaye kaskazini, bila kupiga shoo hata moja. Cha kuiga hapo si ndevu wala mavazi. Cha kuiga ni mgawanyo wa kazi: nyimbo za bendi zilitungwa na Mika Lammassaari, mpiga gitaa wa metali hasa, na muziki wa kusindikiza hadithi ukaandikwa na Lauri Porra, mpiga besi wa bendi ya metali ya Stratovarius. Hizo ni kazi mbili. Nyimbo za bendi zinahitajika kabla ya kamera; muziki wa kusindikiza unahitajika baada ya wewe kumaliza kukata. Mkimpa mtu mmoja zote mbili bila kumpa tarehe mbili tofauti, atawaletea zote mwishoni, na hapo mmekwisha.

Tuanze na filamu fupi, maana jibu lake ndilo litakalookoa hii. Chukua teki (upigaji mmoja wa kamera bila kukatiza) moja ndefu ya wimbo, ilinganishe na muziki mwanzoni, kisha tena mwishoni, uhesabu fremu, zile picha moja moja zinazounda filamu. Kama vimepishana fremu 4 mwanzoni na fremu 4 mwishoni, tatizo ni ucheleweshaji. Kama mwanzoni viko sawa na mwishoni vimepishana, tatizo ni saa mbili zisizokwenda kwa kasi moja.

Ucheleweshaji mara nyingi huletwa na spika ya Bluetooth. Spika hizo huchelewesha sauti milisekunde 150 hadi 200 hivi, yaani fremu 4 au 5 kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde. Mwigizaji anafuata anachosikia, kwa hiyo amechelewa bila kosa lake. Sababu ya pili ni umbali. Sauti hutembea mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi joto 20, na kwenye baridi hutembea polepole zaidi. Umati ulio mita 34 kutoka kwenye spika husikia pigo baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, fremu mbili na nusu, na makofi yao yote yatakuwa nyuma ya ngoma. Dawa ya kwanza ni waya. Dawa ya pili ni spika ndogo karibu na kila kundi, siyo moja kubwa iliyopandishwa sauti.

Saa mbili ni ugonjwa mwingine. Kamera ikiwa imewekwa fremu 23.976 na mradi wa kuhariri ukawa 24, tofauti ni sehemu moja kwa elfu. Inaonekana si kitu, lakini kwenye wimbo wa dakika 4 ni sekunde 0.24, karibu fremu 6. Mdomo unafunga, neno bado linaendelea. Na lipo kosa kubwa kuliko hilo: muziki umerekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde (vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde), kifaa kimeusoma kama 48,000. Wimbo unakimbia karibu asilimia 9, unapanda nusu toni moja na nusu, na wa dakika 4 unaisha kama sekunde 20 kabla ya wakati wake. Hilo husikika mara moja. La 23.976 ndilo linalojificha mpaka siku ya kuonyesha.

Kwa hiyo kabla hata ya kukodi studio, kaeni mwongozaji, mpiga picha, fundi sauti na wewe, muamue: fremu 24 au 25? Kwa Ulaya zote mbili zina sababu. Televisheni ni 25. Kumbi za sinema zimezoea 24, ingawa mitambo mingi ya leo hupokea 25 pia. Mkipiga kwa 25 kisha mtu akaipunguza hadi 24 kwa ajili ya ukumbi bila kusahihisha sauti, filamu ya dakika 96 itakuwa ya dakika 100, na muziki wote utashuka kwa 0.7 ya nusu toni: ile noti A ya hezi 440 itasikika kama 422. Kwenye filamu ya mapenzi hakuna atakayelalamika. Kwenye filamu ya bendi, nchini Ufini, ambako mara kwa mara hutajwa kuwa hakuna nchi yenye bendi nyingi za metali kuizidi kwa kila watu laki moja, safu nzima ya mbele itageuza shingo. Binafsi ningewapigia 24, sauti sampuli 48,000, biti 24, na kuandika hivyo kwenye karatasi yenye sahihi za wote wanne. Mkichagua 24 chini ya taa za umeme wa Ufini, wa hezi 50, mpiga picha aweke shata (kifuniko kinachopima muda wa mwanga kwenye kila fremu) kwenye pembe ya nyuzi 172.8, yaani 1/50 ya sekunde, picha isipepese.

Sasa faili la plebeki, yaani wimbo uliorekodiwa unaochezwa wakati wa kupiga picha ili waigizaji waufuate, ambalo ndilo uti wa mgongo wa kazi yote. Kila wimbo uwe na faili moja tu, na likishakubaliwa lisiguswe tena mpaka siku ya mwisho ya upigaji picha. Mtunzi akija wiki ya pili na "toleo zuri zaidi", mshukuruni, mliweke kando. Upande wa kushoto wa faili ni muziki, mono. Upande wa kulia ni msimbo wa muda, ishara inayotaja saa, dakika, sekunde na fremu ya kila mahali kwenye wimbo. Wimbo wa kwanza uanzie saa 01:00:00:00, wa pili 02:00:00:00, wa tatu 03:00:00:00. Mbele ya kila wimbo kuwe na bipu za kuhesabia, baa mbili (vipimo viwili vya mapigo), kwa mwendo uleule wa wimbo. Upande wa kulia hauendi kwenye spika kamwe (mlio wake ni kama faksi ya zamani inayogombana na mtu). Unaingia kwa redio kwenye klapa ya kidijitali na kwenye njia ya pili ya sauti ya kamera. Faida yake utaiona wewe: teki iliyoanza katikati ya ubeti wa pili itakwenda yenyewe kukaa mahali pake kwenye wimbo, huhitaji kusoma midomo. Teki 100 za wimbo mmoja, bila msimbo, ni siku nzima ya kutafuta. Zikiwa na msimbo ni dakika chache.

Studioni rekodini kwa kliki, yaani mapigo ya kuongoza mwendo yanayosikika masikioni mwa wapigaji, hata kama mpiga dramu ananung'unika kuwa metali ya kweli haina kliki. Kliki ndiyo itakayokuruhusu kuondoa kibwagizo cha pili hadithi ikidai, bila mtu kusikia mshono. Dai pia kila ala kwa njia yake: dramu, besi, gitaa la rizimu (la kushika mdundo), gitaa la solo, sauti. Mkipewa mchanganyiko mmoja wa stereo tu, siku kamera ikiwa nyuma ya mpiga dramu mtashindwa kumpandisha yeye peke yake.

Kwa mazoezi, kila mwigizaji apewe matoleo matatu: wimbo mzima, wimbo usio na ala yake, na wimbo kwa asilimia 70 ya kasi. Pamoja na hayo, siku ya kurekodi studioni wekeni simu mbili zimpige picha mwanamuziki halisi, moja mbele yake na moja juu ya bega la kushoto. Picha hizo ni za thamani kuliko mwalimu wa saa moja kwa wiki, kwa sababu kifungu kilekile cha gitaa kinapigika mahali zaidi ya pamoja kwenye shingo ya ala, na mwigizaji akijifunza mahali tofauti na palipopigwa, kila mpiga gitaa ukumbini atamwona.

Wale wawili ambao hawajawahi kushika ala, msiwape nyimbo tatu sawasawa. Dakika 40 kila siku kwa wiki 8 humfanya mtu asiyejua awe na mkono wa rizimu unaoaminika, pamoja na kujua wakati wa kubadili nafasi ya mkono wa kushoto. Solo hatoifikia, msijidanganye. Solo ni ya mbadala: mwanamuziki halisi mwenye mikono inayofanana, aliyevaa shati lilelile, pete ileile, kucha zilezile. Pigeni picha mikono ya mwigizaji asubuhi ya kila siku ili fundi vipodozi amchore mbadala. Mwigizaji akiwa wa mkono wa kushoto, jueni leo, siyo siku ya kupiga. Gitaa la mkono wa kushoto halipatikani kila duka.

Nyuzi za gitaa lazima zikazwe kwa noti zilezile za studioni. Kwa nyimbo za namna hii, uzi mnene kabisa hushushwa hadi noti ya C au B. Ukizishusha nyuzi nyembamba za kawaida mpaka B zinalegea, zinayumba, na kamera ya karibu inaziona. Tafuteni seti nene, ya inchi 0.012 hadi 0.060 hivi. Na kamba ya gitaa iwe imechomekwa! Iwe imechomekwa kwenye amplifaya, taa ya amplifaya iwake, na mwigizaji akikanyaga pedali ya mkwaruzo, akanyage pale sauti inapobadilika. Wekeni mtu mmoja ambaye kazi yake siku za muziki ni hiyo tu.

Kuhusu dramu, ndipo wengi wanaponaswa. Dramu halisi zikipigwa kwa nguvu zinafunika plebeki, mpiga dramu anapoteza kliki, na hamtapata neno lolote la mazungumzo. Zikipigwa taratibu, mabega hayasogei na kila mtu anajua ni uongo. Suluhisho ni apige kwa nguvu kwenye kitu kisicholia. Ngozi za dramu wekeni za wavu, au zile za kawaida zilizobandikwa mpira mwembamba upande ambao kamera haiuoni. Dramu kubwa ijazwe blanketi. Matoazi ndiyo magumu, kwa sababu yanapaswa kuyumba. Yapo matoazi yenye vitundu yasiyopiga kelele, lakini vitundu huonekana kwa karibu. Yawekeni kwa picha za mbali tu. Kwa karibu tumieni toazi halisi lililobandikwa tepu ya kitambaa chini yake, vipande vitatu virefu kutoka katikati hadi ukingoni. Linayumba, linang'aa, na mlio unakufa haraka. Yale mapigo ya kasi ya miguu miwili, msimwombe mwigizaji. Miguu ni ya mbadala, na mwigizaji mpigeni kuanzia kifuani kwenda juu, akihema.

Mwimbaji naye asifungue mdomo kimya. Hilo ndilo kosa la wazi kuliko yote ya plebeki: shingo haikazi, mbavu hazifunguki, mshipa hautoki, na mtazamaji asiyejua lolote la muziki anahisi ameuziwa kitu. Atoe sauti kweli, lakini kwa nusu nguvu. Mngurumo mzuri, yaani ule uimbaji mzito wa metali, hautokani na kukwaruza koo, bali na pumzi ya tumbo na kubana misuli iliyo juu ya nyuzi za sauti. Apate mwalimu wa mngurumo, mara 6 au 8 kabla ya kazi. Akinguruma kwa nguvu zote tangu asubuhi, saa nane mchana hana sauti, na kesho yake ana ukurasa mzima wa mazungumzo. Mngurumo kamili mwekeeni teki mbili za uso kwa karibu, mwisho wa siku. Pumzi zile za kati ya mistari zirekodini pia, zinasaidia sana kwenye mchanganyiko.

Siku ya jukwaani fanyeni hesabu kabla. Wimbo wa dakika 4, kamera moja, pembe 12, teki 3 kila pembe, dakika 6 za kujipanga kila teki: ni saa 6 za kazi tupu, bila chakula wala taa kuhamishwa. Kwa hiyo wimbo mmoja ni siku moja. Kwanza pigeni wimbo mzima mara tatu kutoka mahali patatu, waigizaji wakiwa na nguvu na umati ukiwa bado na hamu. Baada ya hapo vipande. Kila kipande plebeki ianzie baa 8 nyuma ya mahali mnapopahitaji, mwili uwe umeshaingia kwenye mdundo kabla ya sehemu utakayoitumia. Ukiona teki zinaletwa zikianzia palepale, sekunde ya kwanza ya kila moja ni ya kutupa.

Sauti ya plebeki isizidi inayohitajika. Desibeli 85 mtu huvumilia saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama hukatika nusu, na kwenye 94 ni saa moja tu. Wapeni umati vizibo vya masikio. Baada ya kila pembe kubwa, zima muziki, rekodini umati peke yake: wakisubiri, wakishangilia, wakizomea. Watu 60 wakirekodiwa mara 10 kutoka mahali tofauti huwa ukumbi mzima. Washangilie kwa Kifini chao.

Mazungumzo baani, bendi nyingine ikipiga nyuma, ni mtego mdogo lakini unauma. Mkicheza muziki wakati waigizaji wanaongea, mazungumzo hayawezi kuhaririwa. Mkiuzima, watu wanacheza ovyo na waigizaji wananong'ona kama wako msikitini. Tumieni pigo la chini, la hezi 35 hivi, kupitia spika ya besi. Watu wanalisikia miguuni, maikrofoni inaondolewa baadaye kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, na sauti za watu zinabaki safi. Lakini mwongozaji lazima awakumbushe kila teki wapaze sauti, maana muziki utakuja baadaye nao wanausahau. Ukisikia rashi (picha na sauti ghafi) za siku ya kwanza zikiwa za upole, piga simu usiku huohuo.

Onyesho gumu kuliko shoo ni la chumba cha mazoezi, treenikämppä wanavyokiita Wafini. Hapo bendi inakosea, inasimama, inagombana, inaanza tena, na plebeki haifai, kwa sababu mtu hawezi kukatiza faili kwa hasira. Hapo pigeni papo hapo, kwa sauti ndogo, amplifaya za mazoezi, maikrofoni kwenye kila ala. Shida ni namna ya kukosea. Mkimwambia mwanamuziki mzuri apige vibaya, atafanya kichekesho: anakosea kwa mdundo. Dawa ni kuwarekodi waigizaji wenyewe wiki ya tatu ya mazoezi yao. Makosa ya mwanafunzi wa kweli hayaigiziki: kuchelewa kidogo kabla ya kila badiliko, kisha kukimbilia. Hifadhini rekodi hiyo, ndiyo sauti ya bendi yenu dakika 20 za kwanza za filamu.

Na kama hadithi inataka kifungu cha gitaa kizaliwe kutokana na mlio wa mashine au injini, kama kule kwenye machinjio ya Hevi reissu, anzeni na mashine. Irekodini kwanza, mpime mwendo wake, wimbo utungwe kwa mwendo huo. Ukianza na wimbo, utajikuta unakatakata mlio wa mashine vipande ili ukubali, na sikio litaukataa.

Kwenye meza yako mambo mawili. Kwanza, jicho husamehe sauti iliyochelewa kuliko iliyotangulia, ndivyo dunia ilivyo, umeme huonekana kwanza, radi hufuata. Vipimo vya kimataifa vinaonyesha mtu huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa huvumilia hadi 125 hivi. Ukiwa na shaka ya fremu moja kwenye pigo la dramu, acha picha itangulie. Na usikate kila mara kwenye pigo la kwanza la baa. Baada ya mara nne mtazamaji anakuwa ameshakujua.

Pili ni lugha, na hapa nasema na wewe kama mwenzangu wa Kiswahili. Sikio letu hungojea uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kifini huuweka silabi ya kwanza, daima. Ukikata kwa mazoea ya nyumbani utamega vichwa vya maneno, na kichwa cha neno la Kifini ndicho chenye mzigo. Acha fremu mbili safi kabla ya konsonanti ya kwanza. Tena, urefu ni maana: tuli ni moto, tuuli ni upepo, tulli ni forodha. Ile konsonanti maradufu, kama kwenye kukka, ua, tofauti na kuka, nani, ina kimya cha fremu 3 au 4 ndani ya neno. Kwenye mstari wa mawimbi ya sauti inafanana na pumziko, nawe una mkasi mkononi. Usikate hapo. Mwimbaji naye akivuta irabu fupi mno kufuata melodia, neno linageuka. Mtu wa lugha akae studioni siku ya kurekodi sauti, siyo baadaye. Nafuu ni moja tu: hän ya Kifini haina jike wala dume, sawasawa na yeye yetu, kwa hiyo utani uliojengwa juu yake utauelewa papo hapo, na ni wewe unayepaswa kumwonya mtafsiri wa Kiingereza kuwa akichagua mapema anafichua siri.

Kwenye mchanganyiko wa mwisho, shoo haiwi kubwa kwa kupandishwa. Inakuwa kubwa kwa kilichotangulia. Ipeni sekunde 20 au 30 za karibu kimya: mlango wa nyuma ya jukwaa, mlio wa amplifaya, koti la ngozi. Kisha wekeni muziki kwenye ukumbi wa kweli: uchezeni kwa spika za ukumbi mliopigia picha, ukumbi ukiwa mtupu, maikrofoni mita 5 na mita 20, mrekodi tena. Hapo mna kamera ya mbele na kamera ya mlangoni bila kubahatisha mwangwi.

Mikataba msiiache kwa mtayarishaji peke yake, maana inagusa unachoruhusiwa kuacha kwenye picha. Kwa nyimbo zenu wenyewe, mtunzi asaini kabla ya studio. Kama ni mwanachama wa Teosto, shirika la Ufini la haki za watunzi, haki za utumbuizaji ziko huko tayari, hawezi kuwauzia. Mnachotaka kwake ni idhini ya kuuweka wimbo kwenye picha. Wapigaji na rekodi yenyewe ni upande wa pili, ambako ndiko Gramex, shirika la haki za wapigaji na watayarishaji wa rekodi, ilipo. Ombeni nchi zote, njia zote za kuonyesha, muda wote wa haki. Idhini ya matamasha ya filamu tu ni rahisi, na ndiyo inayowazuia mnunuzi akija. Mwigizaji asipige mluzi wala kupasha gitaa kwa wimbo wa mtu. Hata Sibelius, mtunzi maarufu wa Ufini, bado: alifariki 1957, miaka 70 ya ulinzi wa kazi zake inaisha na mwaka 2027, kwa hiyo mpaka siku ya mwisho ya mwaka huo anahitaji idhini. Nyimbo za jadi ni huru, mpangilio wa mtu wa leo si huru.

Kwenye umati wenu bila shaka kuna atakayepaza sauti "Soittakaa Paranoid!", yaani pigeni Paranoid, wimbo wa Black Sabbath; ni utani wa zamani wa shoo za Ufini, na bila huo ukumbi hautaonekana wa Kifini. Kuupaza ni bure. Mpiga gitaa wenu akiujibu kwa baa mbili tu za wimbo wenyewe, teki hiyo huwezi kuitumia mpaka mwenye wimbo akubali.